Yule Aliyenifuata Bondeni

Iko siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo ninaikumbuka kuliko siku ya arusi yangu. Siku hiyo nilipita peke yangu juu ya mgongo wa mlima ambao hata wawindaji waliuepuka. Keti nikueleze. Siku hizi ninasema polepole, lakini sisahau.

Wakati huo mji wetu uliitwa Élisabethville, na mimi na mume wangu Kalenga tulikaa cité, yaani mtaa wa watu weusi, katika nyumba ya tofali ya chumba kimoja na baraza. Yeye alikuwa seremala katika karakana ya Mzungu. Tulikuwa na mtoto wa kike, Mwape, aliyeanza kusimama kwa kushika ukuta. Surua ikaingia mitaani mwetu, ikamchukua.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Majirani walikuja wakalia nami, Mungu awalipe. Lakini baada ya matanga yakaanza maneno. Mama mmoja aliniambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, utazaa mwingine." Alisema kwa upendo, ninajua. Mimi nilisikia tu kwamba mwanangu alikuwa koleo. Kalenga naye hakusema neno. Alirudi kazini, na jioni aliranda mbao nyuma ya nyumba mpaka giza, nikadhani moyo wake umekauka.

Alipoona sili, akanipandisha kwenye kamio, lori iliyokuwa ikienda upande wa milima ya Kundelungu, kwa dada mkubwa wa mama yangu. Yeye mwenyewe hakuja, kwa maana bwana wake wa kazi alimnyima ruhusa. Huyo mama yangu mkubwa tulimwita Mama Kisimba, mjane mrefu, mkimya, mwenye shamba la mihogo chini ya mlima. Alinipokea, akaniwekea maji ya kuoga, hakuniuliza kitu. Kijiji ndicho kiliuliza. Kila aliyepita alisimama mlangoni kunipa pole, na kila pole ilinichoma upya.

Asubuhi moja nikamwambia ninakwenda kutafuta kuni. Nilipofika porini nikaiacha kamba ya kuni juu ya kisiki, nikapanda mlima. Sikuwa na nia ya kujitupa, nisije nikakuacha na fikira hiyo. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia neno.

Kwanza nilipita kwenye miti, halafu kwenye majani marefu, halafu mawe matupu. Huko juu mlima ulikuwa mwembamba. Mahali pengine ungeweza kutandika mkeka, pengine hapakutosha hata kuweka miguu miwili sambamba. Mkono wa kushoto chini kulikuwa na bonde lililochomwa moto, jeusi lote. Mkono wa kuume kulikuwa na korongo ambalo sikuona mwisho wake. Mwewe aliruka chini yangu, nikauona mgongo wake. Sikuwahi kuona mgongo wa mwewe.

Nilikwenda kwa miguu na mikono, nikijaribu kila jiwe kabla ya kuliwekea uzito wangu. Unajua, mwanangu, hofu ya namna hiyo ni rafiki wa ajabu. Haikubali ufikirie jambo jingine. Nilikwenda hivyo mpaka jua likapanda, halafu nikashtuka: nilikuwa sijamfikiria Mwape tangu nilipoacha miti. Aibu ikanishika kana kwamba nimemwacha tena makaburini. Nikafumba macho, na papo hapo jiwe likatoka chini ya mguu wangu.

Niliteleza kwa tumbo upande wa korongo. Lile jiwe nililisikia likigonga, likigonga, kisha kimya. Mimi sikulifuata, kwa maana mikono yangu ilikuwa imekwisha kushika ufa katika mwamba. Haikuniuliza kama ninataka kuishi. Ilishika tu. Kifua changu kilibanwa na jiwe, na maziwa, ambayo yalikuwa hayajakauka bado, yakatoka yakalowesha nguo. Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, jina la mwanangu, ambalo tangu siku ya mazishi hakuna aliyelitaja mbele yangu, wala mimi sikulitaja.

Nikajivuta taratibu mpaka juu, nikakaa nikitanua miguu kama mtu aliyepanda baiskeli. Nyuma hapakurudika, kwa sababu jiwe lililotoka ndilo lilikuwa ngazi yangu. Mbele upepo ulikuwa umeamka. Nikainamisha macho upande wa bonde lililoungua, na katika weusi ule nikaona kitu chekundu, kidogo kama pilipili. Kilikuwa nguo ya Mama Kisimba.

Alikuwa amesimama. Hakupunga mkono, hakuita. Nilipotambaa mbele kidogo, naye akatembea kidogo. Niliposimama kupumua, akasimama. Tukaenda hivyo mchana kutwa, mimi juu na yeye chini, mpaka mlima uliposhuka ukaishia kwenye kijito. Alinikuta pale. Alikuwa na kibuyu cha maji na kiazi kitamu kilichookwa, na miguu yake ilikuwa na masizi mpaka magotini, imekatwa-katwa na visiki vya majani yaliyoungua. Nilikula nikiitazama ile miguu.

"Mama, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona tangu asubui. Kamba yako ya kuni niliikuta mu pori."

"Ju ya nini haukuniita?"

"Muntu mwenye kushika jiwe, habamuite jina. Atageuka."

"Na kama ningeanguka?"

Alitazama maji. "Ningekuwa karibu," akasema.

Nikaanza kulia tena, akaniacha nilie. Kisha akanikemea, na kukemea kwake kulikuwa huku tu: "Kwenda yako peke, hapana mubaya. Kunidanganya, iko mubaya. Siku ingine uniambie njia, miye nitapita chini."

Niliosha miguu yake kijitoni. Nilipokuwa nikiondoa masizi katika vile vidonda, akaniambia, "Sasa uniambie habari ya Mwape. Shikumuonaka ule mutoto." Na kweli, hakuwahi kumwona. Nikamwambia alivyoshika ukuta, alivyocheka akianguka, alivyomwita baba yake kwa jina alilolitunga mwenyewe. Niliongea mpaka tukafika nyumbani.

Niliporudi mjini, Kalenga alikuwa bado anaranda mbao. Zamani ningelalamika. Safari hii nilichukua kiti changu kidogo, nikakaa karibu naye, nikichagua maharagwe. Jioni ile aliendelea kuranda, na jioni zilizofuata pia. Kisha siku moja akaweka randa chini. Mbao zilikuwa zimekuwa nyembamba kiasi kwamba hazingeweza kubeba kitu.

"Zilikuwa za kitanda yake," akasema. "Nilianza mbele ya surua kuingia. Shijue namna ya kuziacha."

Nikashika mkono wake, tukakaa. Watoto wengine walikuja baadaye, ndiyo, na hakuna aliyechukua nafasi ya Mwape. Kila mmoja alikuja na nafasi yake.

Basi sikiliza, mwanangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usioubeba wewe huonekana mwepesi siku zote. Ukipata uchungu ambao huwezi kuubeba mbele ya watu, nenda peke yako, mimi sikukatazi. Wengine wetu hatuponi mpaka tumepanda. Ila usiondoke kwa uongo. Mwambie mtu mmoja unapita wapi. Na ikiwa wewe ndiye unayempenda yule aliye juu, usimpigie kelele na usimtupie methali. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Pita bondeni mahali anapoweza kukuona, hata kama miguu inakatika. Akishuka, mpe chakula kwanza. Halafu umuulize jina la yule aliyempoteza, na uwe na nafasi ya kusikiliza jibu lote.

Mungu akupe mikono inayoshika hata wakati moyo umechoka kushika. Akuwekee mtu wa kutembea nawe chini, na siku ya mwenzako ikifika akupe uvumilivu wa kutembea naye bila kusema. Uzae ulee, uzeeke na yule unayempenda, na mvi zako zipate wa kuzichana kwa mkono mwepesi. Amina, mwanangu.