Evodia na Neno la Majabalini Hombolo

Evodia Mazengo alipunguzwa kazi siku ya Alhamisi, tarehe 30 Juni 1994. Alikuwa mpiga chapa wa daraja la pili katika shirika moja la umma mjini Dodoma, na barua ya kumwondoa aliipiga chapa yeye mwenyewe, pamoja na nyingine kumi na nane, kwa sababu mpiga chapa mwenzake alikuwa amekwisha kuondoka.

Wiki sita baadaye yeye na mumewe, Batholomeo, walirudisha funguo za nyumba ya shirika pale Makole wakahamia Hombolo, kwao Batholomeo. Familia ilikuwa na ekari moja na nusu ya mizabibu, ya kugawana ndugu wanne. Evodia akatazama bwawa la kijiji.

Alizaliwa Ukerewe. Baba yake alikuwa akivua kwa mshipi, bila mtumbwi, amesimama juu ya mawe, na binti alijifunza kazi hiyo kabla hajaanza shule. Hombolo wenye mitumbwi na nyavu walikuwa wamekwisha kugawana maji. Upande wa majabali hawakuutaka, maana nyavu zilichanika pale. Lakini kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa mchana hupiga mawimbi kwenye mawe hayo, maji yakachafuka, na kambare wakubwa husogea kutafuta chakula. Evodia aliwavua kwa ndoano na utumbo wa kuku. Wengi walinunuliwa na walimu na wanafunzi wa chuo cha pale. Waliobaki aliwakausha kwa moshi. Mama mkwe wake, aliyekulia kwenye maziwa na ugali wa uwele, alimwita kambare nyoka aliyepotea njia, na hakuruhusu sufuria ya samaki iingie jikoni kwake. Evodia alijenga jiko lake nyuma ya nyumba. Kwa miaka miwili jiko hilo ndilo lililolisha watoto.

Julai 1996 mgeni kutoka mjini, aliyekuja kujaribu bahati, aliteleza kwenye majabali akavunjika nyonga. Kamati ya bwawa ikatangaza kwamba sehemu hiyo itafungwa. Evodia alikwenda mkutanoni, akaomba apewe nafasi ya kuonyesha kwamba samaki mkubwa anaweza kutolewa pale bila mtu kuhatarisha maisha. Alipewa siku moja, Jumamosi tarehe 17 Agosti. Masharti yalisomwa kwa sauti: samaki asipungue kilo tano, mguu usiguse maji, mvuvi afungwe kamba kiunoni na ncha yake ishikwe na mtu. Sharti moja likivunjika, majabali yafungwe kwa wote.

Mtu wa kushika kamba alikuwapo. Jirani yake, Priska, alikuwa amesimama nyuma yake msimu mzima uliopita. Lakini Ijumaa Priska aliamka na malaria, na kufikia jioni hakuweza kusimama. Akabaki Batholomeo, ambaye hajawahi kula samaki wala kushika mshipi.

Asubuhi ya Jumamosi Evodia alimfundisha uani, akitumia ndoo ya maji badala ya samaki.

"Mama Jordan, mimi nimeshika dume kwa mkia," Batholomeo alisema. "Kambare ni nini?"

"Dume halitelezi, Baba Jordan. Sikiliza. Mkono wa kulia mshipi, wa kushoto kamba yangu. Nikisema vuta, unavuta. Nikisema mwachie, unamwachia."

"Mwachie. Hilo nalijua tangu utoto."

Evodia aliridhika na jibu hilo. Hakuuliza alilijua vipi.

Wajumbe watano walifika saa nne na kukaa kwenye jabali la juu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Henry Chibago, mfugaji. Aliyeshika daftari alikuwa Optatus, bwana samaki, kijana wa Mwanza aliyehamishiwa Dodoma mwaka uliotangulia.

"Mbukwenyi," Mzee Henry aliwasalimu.

"Mbukwa. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Haya, tuonyeshe."

Saa ya kwanza haikutoa kitu. Saa ya pili ilitoa kambare wa urefu wa kiganja, ambaye Evodia alimrudisha majini bila kumtazama mtu. Upepo ulipungua. Alibadilisha chambo mara tatu, ingawa chambo kilikuwa bado kizima. Nyuma yake alimsikia mjumbe mmoja akiuliza mnada wa ng'ombe unafungwa saa ngapi.

"Mama Jordan," Mzee Henry aliita, "hao nyoka wako leo wamekwenda kanisani?"

"Leo Jumamosi, Mzee."

"Basi ni Wasabato."

"Wasabato wenyewe hawawali!" mwingine akadakia, na wote wakacheka. Evodia naye alicheka, kwa adabu.

Saa saba kasoro upepo ulirudi. Mawimbi yakaanza kupanda kwenye mawe, na mshipi ukakaza ghafla kiasi cha kumvuta hatua moja mbele. Alijua uzito huo. Samaki wa namna hiyo hazuiliwi mara moja. Huongezewa mshipi kidogo kidogo mpaka achoke, la sivyo hukata na kwenda zake.

"Mwachie!" alipaza sauti.

Kwa Evodia, kama kwa baba yake, neno hilo lilimaanisha: mlegezee. Kwa Batholomeo lilitoka zizini. Kwao ndama hushikwa pembeni wakati mama yake anakamuliwa. Mkamuaji akimaliza husema "mwachie", na mshikaji hufungua mikono yote miwili kwa pamoja, ndama akimbilie kunyonya. Batholomeo alikuwa mshikaji tangu akiwa na miaka sita. Akafungua mikono yote miwili.

Evodia alisikia kamba ikimwangukia visiginoni. Mshipi ulipita viganjani mwake ukichana ngozi. Jabali lilikuwa laini, na mbele yake wimbi lilipanda likaishia vidole vinne kutoka kwenye unyayo. Kama angegeuka angeteleza. Akakaa chini palepale, akachomeka visigino kwenye ufa wa jiwe, akazungushia viganja upindo wa khanga.

"Shika kamba!"

"Ipi?"

"Zote!"

Batholomeo alilala kifudifudi akaipata kamba ya kiuno. Mshipi hakuupata. Evodia alibaki nao peke yake, akiuachia shibiri moja na kuurudisha mbili, kwa muda ambao daftari la Optatus linasema ni dakika kumi na nne. Kichwa kilipotokea kilikuwa kipana kama sahani. Alisubiri wimbi kubwa limnyanyue kambare juu ya jiwe la mteremko, na maji yalipokuwa yanarudi akampiga kulabu chini ya taya na kumburuta hadi pakavu.

Kilo kumi na moja na robo. Optatus alipima mara mbili. Kisha akainama akapapasa nyayo za Evodia. "Kavu," alisema, akaandika. Akaandika pia: kamba iliachiwa.

"Kwa nini uliachia?" Mzee Henry alimuuliza Batholomeo.

"Alisema mwachie, Mzee."

Wazee wakatazamana. "Sasa kosa lake liko wapi?" mmoja aliuliza. "Kwani ndama mnamwachia nusu?"

"Mzee, Mama Jordan si ndama," Optatus alisema. "Angeanguka, tungekuwa tunatafuta mwili."

Kamati ilikwenda nyuma ya jabali kushauriana. Viganja vya Evodia vilikuwa vinatoka damu, lakini hakuthubutu kuviosha bwawani. Alikaa ameikunja mikono ndani ya khanga, akihesabu sauti alizozitambua na kujaribu kujua ni ngapi ziko upande wake. Batholomeo alikaa kando.

Walirudi baada ya dakika ishirini. Mzee Henry alisema samaki wamemwona, na kamba wameiona pia. Majabali yatabaki wazi kwa muda. Kamba isishikwe tena na mtu. Ifungwe kwenye kigingi cha chuma. Batholomeo asisimame pale kazini. Na neno mwachie lisitumike majabalini. Watu waseme legeza.

"Kwa muda gani, Mzee?" Evodia aliuliza.

"Mpaka tutakaposema."

Kigingi kitachimbiwa Jumatatu. Mwishoni mwa Novemba, kabla ya mvua, kamati itarudi kukagua, na siku hiyo itaamua kama majabali yafungwe moja kwa moja.