Jicho la Melkizedek

Melkizedek alikuwa na jicho la mtaalamu. Alituambia mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyewahi kuligundua. Alizaliwa Kilosa mjini, akasomea mifugo miaka miwili, akafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe la serikali mpaka mwaka 1993, shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake walirudi kulima. Yeye akaajiriwa na mradi wa ng'ombe wa maziwa, akapewa pikipiki, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akitembea kwa miguu, ingawa kazi yake ilikuwa kutazama jinsi ng'ombe wanavyotembea.

Mradi uliwapa kina mama wa kijiji chetu cha Lumuma mitamba, ng'ombe wachanga ambao hawajazaa, kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ndama. Ng'ombe walikaa bandani wakiletewa majani. Kila miezi mitatu walitolewa nje na kutembezwa hatua ishirini, ili ionekane kama wanachechemea. Alama moja ni mzima, alama tano hawezi kukanyaga. Akipata nne, basi mfugaji kazembea, na ng'ombe anapewa mtu mwingine. Kwa kuwa mtu mmoja anaweza kukosea, wakubwa wa mradi walitaka watazamaji wawili, kila mmoja aandike karatasi yake bila kumuuliza mwenzake. Mtazamaji wa pili nilikuwa mimi, Mwalimu Kasian, katibu wa kikundi cha wafugaji hao.

Wakubwa hao hawakutujua. Kwetu mgeni wa ofisini hapingwi mbele za watu, na aliyekuja na pikipiki hapingwi hata nyuma ya nyumba. Melkizedek alitazama hatua mbili tu, akatangaza namba kama dalali mnadani. "Mbili!" Nami nikaandika mbili. Mimi huyo huyo niliyekuwa nikiwachapa wanafunzi kwa kutazamiana.

Siku moja mzee Ditram, kwa utundu wake, alimpitisha ng'ombe wa mkewe mbele yetu, akazunguka naye nyuma ya banda, akampitisha tena akidai ni wa jirani. Mara ya kwanza Melkizedek alisema moja. Mara ya pili akasema tatu, na akaongeza kuwa huyu wa jirani ametunzwa vibaya. Kina mama walifunika midomo kwa kanga. Debe tupu lile halikusikia kitu. Mimi nilimtambua ng'ombe, na bado niliandika moja, kisha tatu.

Hapo tulikuwa tunacheka. Kicheko kiliisha ilipofika zamu ya Rebeka.

Rebeka alikuwa mjane mwenye binti mmoja mdogo. Ndugu wa marehemu mumewe walilitaka shamba lake la vitunguu, wakamvumilia kwa sababu ya Subira, ng'ombe wake wa mradi, kwani nusu ya maziwa iliishia kwenye vikombe vyao. Kijiji kizima kilijua kwamba Subira akiondoka, Rebeka naye hana mahali. Ndiyo maana alimtunza kuliko wengine tulivyotunza watoto. Alimfagilia banda mara tatu kwa siku na kumkagua kwato kila jioni.

Machi 1996 Melkizedek alituma ujumbe kwamba angefika saa moja asubuhi, na asikamuliwe ng'ombe yeyote kabla hajafika, kwa sababu alitaka kupima maziwa mwenyewe. Alifika saa saba mchana, midomo iking'aa mafuta ya nyama. Subira alitolewa bandani kiwele kimejaa mpaka kimekakamaa, miguu ya nyuma ameitanua, akipiga hatua fupi fupi kwenye matope.

"Nne!" alisema Melkizedek.

Rebeka alipiga goti. "Bwana Mifugo, naomba nimkamue kwanza, halafu umtazame tena. Hana kidonda, kwato zake ni nzima. Ni maziwa tu yanamuumiza."

"Jicho la mtaalamu halirudii kazi. Au unataka kunifundisha?"

"Siwezi kukufundisha, baba." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe umeona ngapi?"

Nilikuwa nimeona moja. Labda mbili, kwa sababu ya utelezi. Melkizedek alinitazama huku akichokonoa meno, na watu wote wakanisubiri.

"Kama alivyosema mtaalamu," nilijibu. Nikaandika nne.

Rebeka alimkamua Subira palepale, kwa mara ya mwisho, akamkabidhi Melkizedek kamba. Lori la mradi halikuweza kupanda mlima kwa mvua, ikabidi ng'ombe ateremshwe kwa miguu mpaka barabarani, mwendo wa saa mbili. Melkizedek alihangaika kusukuma pikipiki kwenye tope, akianguka na kuinuka. Subira alitangulia kwa hatua ndefu, akamwacha mbali.

"Bwana Mifugo!" Ditram alipiga kelele kutoka juu. "Mgonjwa wako anakukimbia!"

Hakuna aliyecheka.

Mwezi haukuisha kabla shemeji zake hawajamtoa Rebeka. Alipita mbele ya nyumba yangu akielekea Kimamba, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Sikukuuliza ili unitetee. Nilikuuliza kwa sababu nilijua umeona."

Akaenda zake. Melkizedek namdharau mpaka leo, lakini mjinga yule angalau hakuona. Mimi niliona.

Mwezi wa sita ikaja barua ya mradi. Walikuwa wamelinganisha karatasi za vijiji vyote. Kwingine watazamaji walitofautiana ovyo, huyu mbili, yule nne. Sisi tulitazama ng'ombe thelathini na mmoja na hatukutofautiana hata mara moja. Barua ilisema hakuna watazamaji wa kuaminika kama sisi wilaya nzima, na ikatuomba twende Mikumi tukawafundishe wenzetu.

Nilipiga pasi shati langu jeupe, nikaenda. Tulifundisha siku tatu. Watu wa Mikumi walielewa upesi sana.