Presha Iliyotoka Nje ya Futi Yangu

Sikutaka kuandika. Nesi wa zahanati ndiye aliyenikalia kooni: bibi andika, bibi andika, wenzako wasome wakiwa wanasubiri kwenye benchi. Nikamwambia shule niliiacha darasa la pili, herufi zinanipiga chenga. Akaniwekea daftari na penseli mapajani akaondoka, kama mtu aliyemtupia mbuzi majani. Haya. Nikikosea, kosa ni lake.

Mimi ni fundi cherehani. Herufi sizijui vizuri lakini namba msinidharau. Mtu akiingia mlangoni namtazama mara moja, nakutajia kiuno chake. Futi yangu ni ile laini ya kuvaa shingoni, inaanzia moja inaishia sentimita mia na hamsini. Miaka arobaini sijapata mteja wa kuimaliza, ingawa mmoja alikaribia na nikanyamaza kwa heshima.

Mwaka jana macho yakaingia ukungu. Nalamba uzi, nachomeka, uzi unapita pembeni ya tundu la sindano. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunakaa nyumba moja. Akawa ndiye ananitungia uzi, na kila akitunga anauliza, "Shikamoo yangu iko wapi?" Mtu ambaye nguo yake ya harusi nilimshonea mimi. Nikawa namwamkia asubuhi, mchana na jioni, maana uzi haungoji. Ile shikamoo iliniuma kuliko macho.

Hospitalini daktari wa macho akasema ni mtoto wa jicho, anatolewa, unaingia asubuhi na mchana unarudi kwako. Siku ikafika nimeoga, nimenyoosha gauni. Wakanifunga mkononi ule mkanda wa kupimia presha. Mia na tisini na sita.

"Bibi, kwa presha hii jicho siligusi," daktari akasema. "Rudi baada ya miezi miwili. Nataka mia na hamsini au chini ya hapo."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikaitandaza futi juu ya meza ya kukatia. Mia na hamsini ndiyo mwisho wake, pale penye kibati. Presha yangu ilikuwa imetoka nje ya futi, imevuka meza, iko hewani. Hapo ndipo nilipoogopa. Kitambaa kikipungua unaunga. Jicho utaliunga na nini?

Hofu lakini haikunizuia kubisha. Zahanatini, nesi akaniuliza, "Dawa za presha tulizokupa mwaka juzi unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Siku kichwa kikiuma."

Akanitazama. "Na kutembea je?"

"Natembea kutwa nzima."

Akaandika. Nikaona nimeshinda. Wifi, aliyenisindikiza, akakohoa. "Muulize anatembea wapi."

Nikaeleza ukweli wangu. Cherehani yangu ni ya miguu. Nakanyaga pedali toka asubuhi mpaka jioni, miguu yote miwili, haikai. Kama huko si kutembea, ni nini?

"Wifi," akasema, "umekanyaga miaka arobaini na hujafika hata dukani."

Benchi zima likacheka. Nesi akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Aliporudi juu akafuta alichoandika.

Akanielewesha taratibu, sina ubaya naye. Vifundo vinacheza lakini mwili umekaa. Kutembea ni nusu saa, kwa mwendo ambao unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Dawa ni kila siku, kwa sababu presha haipigi hodi, kichwa kinaweza kunyamaza nayo iko juu. Na chumvi nipunguze.

Chumvi ndiyo ilinitoa jasho. Kopo langu lilikaa mezani, nanyunyiza kabla ya kuonja. Wifi akalificha. Nikalikuta kwenye sanduku la nguo zake, ndani ya soksi. Nikalitazama, nikafikiria sindano, nikalirudisha kwenye soksi. Wiki ya kwanza chakula kilikuwa kama kutafuna pamba ya mto. Tukaongeza ndimu na kitunguu saumu. Wiki ya tano nikala mchuzi kwa jirani, nikamwambia leo chumvi imekuponyoka. Akasema ni ileile ya siku zote, ambayo mimi nilikuwa naiongezea.

Dawa nikaziweka kwenye kikopo cha bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini wa cherehani. Siwezi kushona bila bobini, kwa hiyo siwezi kushona kabla sijameza.

Asubuhi tulitembea mpaka tangi la maji na kurudi, mimi na wifi. Mwanzoni nilisimama kila penye kamba ya nguo, najidai nakagua mishono ya watu. Kumbe ni pumzi.

"Huo mshono uliukagua jana," wifi anasema.

"Leo nakagua pindo."

Nesi alinipima kila wiki. Mia na themanini na mbili. Mia na sabini na moja. Mia na hamsini na nane. Zote nje ya futi, sina pa kuchomeka pini ya kuweka alama.

Miezi miwili ikatimia. Daktari wa macho akafunga mkanda, akasubiri, akafunga tena. "Mia na arobaini na nne."

Nilitoa futi mkobani nikachomeka pini hapohapo mbele yake. Akauliza ni nini. Nikamwambia, "Nimerudi ndani." Nilipumua mpaka vifungo vya gauni vikalegea.

Jicho likatolewa ukungu. Bandeji ilipotoka nilingoja siku nilizoambiwa, kisha nikamwita wifi, nikashika sindano. Uzi ulipita mara moja. Nikaketi, nikamtazama, nikangoja.

"Shikamoo," akasema. Ya kwanza tangu kaka yake anioe.

"Marahaba. Na kesho tena."

Presha haijaondoka, ina adabu tu. Ndiyo maana dawa nameza bado, tangini tunaenda bado, na kopo liko kwenye soksi.

Sasa wewe uliyekaa kwenye benchi. Ukitoka kupimwa, rudi hapa uandike namba yako chini ya hadithi yangu, na leo umetembea kutoka wapi mpaka wapi. Nitakuja kusoma, macho ninayo. Pedali haihesabiwi. Na penseli uiache, nimeifunga kwa uzi nilioutunga mwenyewe.