Picha Chini ya Mwarobaini wa Jeddah

Madam alimchoma Valary, mtumishi wake wa ndani, kwa pasi kwa sababu ya kanzu iliyoungua pindo. Aliushika mkono wa binti, akaukandamiza kwenye chuma, akasema, "Sasa utajua moto." Alfayo, dereva wa nyumba ile, alikuwa uani akiosha gari. Kilio kilimfikia, kitambaa kikamponyoka.

Hiyo ilikuwa Al-Naseem, Riyadh. Familia ilipokwenda Jeddah kupunga upepo, iliwachukua wote wawili, mmoja apike, mwingine aendeshe. Wenyewe walipolala mchana, Alfayo alimtoa Valary kwa mlango wa nyuma, akamficha mtaa wa Sharafiya, chumbani kwa Carol, Mkenya mwenzao. Afisa wa ubalozi alikuwa ameahidi kumpokea kesho yake asubuhi. Ilibaki alasiri moja tu ya kutulia.

Valary hakutulia. Madam alikuwa amevunja simu yake zamani, na mama yake huko Butere alishaanza kumlilia kama maiti.

"Nipeleke mahali pazuri unipige picha. Mathe aone niko hai."

"Umetoroka, halafu unataka kutalii?"

"Nchi hii nimeona jikoni na choo, Alfayo. Nikifika nyumbani nitasema niliona nini? Sabuni?"

Wakaenda Balad, mji mkongwe, ambako Alfayo alizoea kuwazungusha wageni wa bosi. Alimwonyesha Lango la Makka. Alimwonyesha majumba marefu ya mawe ya matumbawe, yameinamiana juu ya vichochoro kama watu wanaonong'onezana habari mbaya, madirisha yao ya mbao yakiwa yametokeza nje.

"Hapo ndani wanawake walikaa wakiangalia barabara, bila kuonekana."

"Kumbe hata wao walifungiwa," Valary akasema.

Mbele ya nyumba ya Nasif ulisimama mwarobaini mkubwa. Valary alichuma jani, akalitafuna, akalitema na kucheka. Alfayo hakuwa amewahi kumsikia akicheka.

"Simama vizuri, wacha kununa kama umenyimwa chai!"

Valary akauficha mkono ndani ya abaya. Alfayo akapiga picha, akamtumia mama wa Valary. Kisha kidole chake kikafanya kilivyozoea kila alipofika mahali pa kuringia: kikaibandika picha kwenye stetasi pia. *Jeddah, mambo yote.* Stetasi zake alishamfungia baba mwenye nyumba, alishamfungia madam. Alimsahau Turki, kijana wao mkubwa, aliyehifadhi namba yake ili amtume shawarma.

Walikuwa kwa muuza chai, hatua chache kutoka kwenye mti, Turki, aliyeutambua mti ule pichani, alipofika na binamu zake wawili.

Hakusalimia. Alimshika Valary shingoni, akamburuta juu ya mawe hadi kiatu kikamvuka. Alfayo alipoingilia kati, ngumi ilimpasua mdomo. Akaanguka, akainuka, akapigwa teke la mbavu, akasikia kitu kikivunjika ndani yake kama kijiti. Turki alikuwa amefika mlangoni pa gari lake, ameushika ule mkono uliochomwa, anauminya, na Valary anapiga yowe lilelile la Al-Naseem.

Alfayo akalinyakua birika la muuza chai, akammwagia Turki chai ya moto mkononi.

Turki akaachia.

"Kimbia! Yalla, kimbia!"

Valary akakimbia na kiatu kimoja, akaingia soko la vitambaa, penye wanawake wengi waliovaa abaya nyeusi kama yake. Binamu mmoja alimfuata, akamshika mwanamke asiyemjua, akazabwa kofi. Akarudi mikono mitupu.

Basi wakamgeukia Alfayo. Walimpiga kwa viatu, kwa ngumi, kwa birika lenyewe. Alitema jino. Alijua sasa kwamba ikama yake, kibali cha kuishi nchini, imekwisha, kwamba akitoka hapa ni kwenda rumande, na huenda mfupa mmoja hautaunga sawa tena. Shavu lake lilikuwa juu ya mawe ya moto, na simu ilikuwa imeangukia karibu na jicho lililobaki wazi. Ikatetemeka. Mama wa Valary alikuwa amejibu.

*Mwanangu amenona. Mungu awabariki huko mliko. Na huo mti, si kama wa kwetu kabisa?*

Alilifikia neno la mwisho kabla kiatu cha Turki hakijashuka.