Msikilizaji

Mwaka jana nilipopewa darasa la ubatizo la watu wazima katika kanisa letu kule Giakanja, kichwa kilinivimba. Nilikuwa nimesoma habari za Wakristo wa kwanza na nilitafuta mahali pa kuzimwaga. Nikawaeleza wanafunzi wangu wanne kwamba zamani hizo kila mtu alikuwa na jina lake. Waliobatizwa waliitwa waamini, na waliokuwa bado wanafundishwa waliitwa wasikilizaji. Wasikilizaji walikaa hadi mwisho wa mahubiri, kisha wakatolewa nje kabla ya mkate wa Meza ya Bwana.

Nikaamua nasi tufanye hivyo. Hakuna aliyeniomba, na mchungaji alikubali tu kwa sababu nilimsumbua.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa shosho mmoja, bibi kizee jirani yangu, mjane, ambaye masikio yake yalikuwa karibu yamekufa yote. Alikuwa akifagia kanisa hilo tangu sijaoa, na sasa alitaka abatizwe kabla hajafa. Jumapili ya kwanza nilitangaza, "Wasikilizaji watoke." Watatu wakatoka. Yeye akabaki ametulia kwenye benchi, na sahani ya mkate ilipomfikia akanyoosha mkono.

Nikaivuta sahani. Nikasema kwa sauti, "Ati msikilizaji, na hata hasikii!"

Kanisa likaangua kicheko. Shosho alipoona watu wanacheka akacheka pia, mpaka nilipomwonyesha mlango kwa kidole. Naona haya hata kuandika. Wiki mbili hakuonekana, na siku ya ubatizo ilikuwa imekaribia.

Nikaenda kwake kumwomba msamaha arudi. Nilimkuta anapalilia kabeji. Ng'ambo ya ua majirani walikuwa wakichuma majani chai, wote washirika wa kanisa letu. Ili shosho anisikie, ingebidi nipige kelele. Nikawatazama wale watu, nikainama karibu naye, nikasema kwa sauti ya chini, "Shosho, nilikukosea. Nisamehe, urudi kanisani."

Alinikazia macho mdomoni, kisha akatabasamu.

"Ni sawa, mwalimu," akasema kwa nguvu, jinsi wasiosikia wanavyosema. "Nimeelewa. Hiyo Jumapili ingine nitatoka mapema na hao wengine. Hautanionyesha mlango tena."

Majirani wakainua vichwa. Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo lililonileta, nikaenda zangu.