Mablanketi Juu ya Paa

Kosa langu la kwanza, nilipoanza kusimulia habari hii, lilikuwa kuifanya kichekesho. Kwenye harusi za Wakongomani hapa Johannesburg nilikuwa nasimama na sahani yangu ya bukari, ugali wa kwetu, nikiwaambia watu: jamani, nkambo wangu, mwanamke mzima, alifua mablanketi yote ya nyumba siku moja, na majira ya baridi hata hayajaisha! Watu walicheka. Wazee waliozaliwa Lubumbashi, ambako bibi huitwa nkambo, walicheka kidogo tu, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Wiki iliyopita nilikuwa kituo cha basi Braamfontein, nimevaa shati la mikono mifupi kwa sababu asubuhi ilikuwa ya joto. Mchana upepo ukageuka. Kama umewahi kuishi hapa unaujua mchezo huo wa mwisho wa Agosti: kwanza linakuja vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya machimbo, halafu kinapita kimya kidogo, halafu baridi inaingia kutoka kusini kama mgeni asiyebisha hodi. Wanafunzi walikimbia wakicheka. Mimi nilishikwa na hasira. Nimejaribu kuiandika hasira hiyo tangu siku ile, nafuta, naanza upya. Kiswahili cha kuandika nilijifunza peke yangu kwa vitabu vya kuazima, na bado kila sentensi inanitia wasiwasi. Lakini leo sifuti tena.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Joubert Park, hapa hapa Johannesburg, chumba kimoja cha ghorofa. Mama alisuka nywele saluni hadi jioni, na nkambo alitulea mimi na mdogo wangu wa kike, mtoto mwenye kifua dhaifu. Usiku ukiwa wa baridi ulimsikia akipumua kwa sauti ya filimbi. Ndiyo maana mablanketi kwetu yalikuwa mali: manne, mazito, moja lina picha ya chui.

Kule Lubumbashi baridi ni ya Juni na Julai. Agosti ikipamba moto, basi, baridi imekwenda hadi mwaka ujao, na kila nyumba hufua mablanketi yake yote siku moja, huyaanika, na kuyafungia sandukuni pamoja na vipande vya sabuni. Nkambo alikuwa na msemo wake: "Baridi ya watu wenye adabu ikishaaga, hairudi kuchukua kofia." Yeye ndiye aliyenusa hewa dirishani asubuhi na kutangaza kwamba msimu umegeuka, na hakuna aliyebisha, hata mama.

Siku ya kufua ilikuwa sikukuu. Beseni la bafuni lilijazwa maji ya moto na povu, nasi watoto tuliingia miguu mitupu kuyakanyaga mablanketi huku nkambo akipiga makofi na kuimba nyimbo za kanisani. Maji yalitoka meusi kama chai. Tulilowa hadi kiunoni, tukapewa maandazi tukiwa bado tunanuka sabuni. Jirani yetu Mrundi, mlinzi wa duka, alitusaidia kuyapandisha juu ya paa kwenye kamba za jengo.

"Mama, ngoja kidogo," alimwambia nkambo mwaka wa kisa hiki. "Redio inasema Cape Town wanalowa. Cape Town wakilowa, sisi huku tunakoma kwa baridi."

"Mwanangu, Cape Town ni mbali kuliko kwenu Bujumbura?"

"Si kuliko Bujumbura, mama, lakini ni mbali."

"Basi acha walowe wao. Kamata hiyo kona ya chui."

Mchana upepo uligeuka. Jua lilikuwa bado linawaka lakini halikuwa na joto lolote. Nkambo alinishika mkono, tukapanda ngazi mbio, tukakuta mlango wa paa una kufuli.

Tulishuka kwa msimamizi wa jengo. Chumba chake kilikuwa na hita, nilihisi joto lake kwenye magoti mlango ulipofunguka. Yeye alisema Kiingereza, nami nilikuwa mdomo wa nkambo.

"Eish, gogo," alisema, yaani bibi kwa Kizulu, "sheria ni sheria. Paa linafungwa saa kumi. Rudini kesho."

"Mwambie saa kumi bado."

Nilimwambia. Akatazama saa ukutani, ambayo ilikuwa upande wetu, bado haijafika kumi, akacheka. "Kule juu kuna baridi, bwana mdogo. Nani atakaa kulinda mlango?"

Hebu nieleze msomaji wangu vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa napita haraka nikichekesha watu. Alifunga mapema kwa sababu yeye mwenyewe aliona baridi. Baridi ile ile iliyotufanya tuyahitaji mablanketi ndiyo iliyomfanya atunyime, na ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni mwake.

"Mwambie kifua cha mtoto hakijui sheria," nkambo alisema.

Jirani yetu Mrundi akatokea kwenye ngazi akienda kazini. "Ufunguo umemvimbisha huyu! Auvue shingoni tuone kama atabaki mtu!" Msimamizi akafunga mlango wake pia. Jirani alivua koti lake la kazi, akamfunika mdogo wangu, akaenda zamu na sweta. Mama alirudi na taulo za saluni zinazonuka dawa ya nywele. Tulilala wanne kitandani tumebanana, na hata hivyo filimbi ile ilianza.

Asubuhi tulikwenda kliniki. Nesi alimwekea mtoto mashine ya mvuke, kisha akamgeukia nkambo na kuniambia nimtafsirie: mtu gani anafua mablanketi yote huku baridi haijaisha, je, huko kwenu hamjui majira? Nilikuwa mtoto wa kupenda kufanya mambo sawasawa. Nilitafsiri bila kuacha neno.  Nkambo aliendelea kuifunga vizuri kanga mgongoni, ingawa mtoto alikuwa kitandani.

Hakuna aliyeuliza habari ya kufuli. Hakuna aliyeuliza hadi leo, na mimi niliyejua nimekula bukari ya watu kwa kumcheka aliyeonewa.

Mdogo wangu alipona. Jengo lile limefungwa kwa mabati sasa, na jirani yetu yule mlinzi alihamia Kensington. Nkambo tulimzika miaka michache baadaye. Kabla ya mwaka ule, yeye ndiye aliyekuwa akitwambia msimu umegeuka. Baada ya hapo alisimama dirishani kila Agosti na kuniuliza mimi.