Picha ya Mama Yerusalemu

Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi sikujinyonga. Nilikuwa na vichwa vya kusuka.

Tulikuwa wawili mlangoni mwa jengo moja la mtaa wa Albert Park, huku kusini tulikokimbilia, miaka ile ya mwisho ya tisini. Mimi mtu wa Bukavu, mwenzangu Mrundi. Kioo kimoja, benchi moja, kanisa moja, kwaya moja. Kwenye kwaya ni mimi niliyekuwa naanzisha wimbo wa Yerusalemu, ule wa kufunga ibada, akina mama wakilia mpaka vitambaa vinalowa. Yeye alisimama nyuma yangu anafungua mdomo kama samaki. Basi Wazungu wa kanisa moja la South Beach walipojitolea kumpeleka mama mmoja wa kwetu kuhiji Yerusalemu, mnadhani alichaguliwa nani?

Yeye. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimetoka, na ya kusafiria pia. Zangu zilikuwa bado zinalala ofisini. Mchungaji akasema ni mpango wa Mungu. Nikasema amina, kwa sauti, watu wasikie. Ndani nilikuwa nawaka.

Aliporudi, hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Kwetu mtu akifika kule anarudi na cheo. Mama Yerusalemu! Mpaka watoto wa kwenye ngazi wakawa wanamsalimia hivyo. Na wateja, Mungu wangu, wakaanza kutaka mikono yake tu, kwa kuwa iligusa kaburi la Bwana. "Nisuke weye, Mama Yerusalemu, kichwa kinaniuma kila siku." Mimi nikabakiziwa watoto wanaolia kabla kitana hakijawagusa. Mteja wangu wa miaka, niliyemsuka hata kwa harusi yake, alipita mbele yangu akaenda kukaa kwake. "Usikasirike, mama," akaniambia, "Krismasi nitarudi kwako." Eish! Nilimkodolea macho mpaka akageuza uso.

Juu ya hayo yote, akabandika picha kando ya kioo chetu. Kubwa, ya rangi. Amesimama katikati ya uwanja mpana wa mawe, nyuma yake ukuta mrefu na watu wadogo wadogo wakiomba. Kitambaa cheupe kichwani, kifua mbele. Kila nikiinua macho niangalie mstari wa nywele, namkuta mara mbili: mmoja anasuka, mwingine yuko Yerusalemu. Nilikuwa naomba mvua ipige upande ule.

Nyuzi na nywele za bandia tulikuwa tunanunua duka la jirani, kwa mzee mmoja mpole. Sisi tulijua ni Mhindi wa Chatsworth, ule mtaa wa Wahindi. Hakuna aliyemuuliza, rangi ile, duka lile, tukamaliza. Adhuhuri moja akatuletea mzigo wa nyuzi nyeusi, akasimama mbele ya picha. Akasimama sana. Nikadhani naye anataka aguswe kichwa.

"Umesimama jikoni kwa mama yangu," akamwambia mwenzangu, kwa Kiingereza chake cha polepole.

Mwenzangu akacheka. "Mzee, hapa si Chatsworth. Hapa ni Yerusalemu."

"Najua. Nimezaliwa hapo."

Akatueleza, mzigo bado mkononi. Mbele ya ukuta ule palikuwa na mtaa mzima, mtaa wa Wamoroko, nyumba zimebanana, vichochoro, watoto, paka. Miaka thelathini na kitu nyuma vikapigwa vita vya siku sita tu. Vilipokwisha, mji ukawa na mwenyewe mwingine, watu wa mtaa wakaambiwa watoke upesi, na matingatinga yakasawazisha kila kitu ili wanaokuja kuomba ukutani wapate nafasi. Yeye alikuwa Kuwait, kazini. Baadaye watu wakahesabiwa: aliyekuwapo akapewa kitambulisho, asiyekuwapo akawa mgeni. Mama yake alifia kambini, kando ya mji, na mwanawe hakumzika.

"Lakini sasa una pasipoti ya hapa," nikamwambia. "Si uende?"

"Niende kwetu na viza ya mtalii? Askari kijana aniulize uwanja wa ndege nakuja kwa nani, nitakaa siku ngapi?" Akaweka mzigo chini. "Vita vilikuwa vya siku sita, mama. Mpaka leo ningeulizwa."

Mkono wa mwenzangu ulikwama kwenye msuko. Na mimi nikafurahi. Kifua kile chote, kumbe umekivimbisha jikoni kwa marehemu!

Furaha yangu haikumaliza juma. Mzee hakumkasirikia hata kidogo. Alirudi kesho yake na kesho kutwa, na kigoda chake na birika la chai ya mnanaa, akaketi karibu na mwenzangu akimwuliza. Jua lilikupiga upande gani? Mawe ya chini yanateleza? Adhana inasikika ukiwa pale? Na yeye, mtu asiyeweza kufika sokoni bila kuuliza njia, anamjibu kama mwenyeji. Hata aliyezaliwa Yerusalemu sasa anamhitaji Mama Yerusalemu! Chai wanakunywa wawili. Mimi nawashikia kitana.

Hapo wivu ukahamia kwa mzee. Ndiyo, kwa mzee mwenyewe. Nyumba ya mama yangu iko kilimani Bukavu, kama bado iko. Vita vilipitia kwetu pia, havikukaa sana, na sijui tangu siku ile nani analala chumbani mwangu, nani anapika jikoni kwa mama, au kama kuna jiko. Nani atakwenda kuhiji Bukavu? Kwaya gani itaimba Bukavu watu walowe vitambaa? Mzee alikuwa amepata mtu wa kukanyaga palepale, akapigwa picha, akarudi kumsimulia. Mimi sikuwa na hata mpita njia. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu aje aniambie: nimepita kwenu, moshi unatoka.

Siku moja mzee akaiomba ile picha. Mwenzangu akaibandua, akataka kumpa, kisha akajitazama alivyosimama pale na kile kifua. Akaona haya.

"Hapana," akasema. "Si vizuri nikae jikoni kwa mama ya mtu. Nitoe mimi, abaki na mahali pake."

Mkasi ulikuwa kwangu. Hakuhitaji kurudia. Nilianza na kitambaa, nikashuka mabegani, nikazunguka kiuno, sketi, mpaka viatu, polepole. Sijawahi kukata kitu kwa raha vile. Yule wa pichani akaanguka sakafuni, kwenye nywele za wateja wake.

Mzee akaipeleka picha mlangoni kwenye mwanga. Katikati palikuwa na tundu lenye umbo la mwanamke, na ndani ya tundu teksi zinapita. Akaingiza kidole, kikatokea upande wa pili.

"Jiko lilikuwa hapa," akasema.

Mzee akainama kwa shida, akamwokota mwenzangu kutoka kwenye nywele, akampangusa kwa shati, akamrudisha kwenye tundu na kumshikilia kwa kidole gumba.

"Leteni gundi," akasema. "Bora pawe na mtu."

Nikatumwa mimi dukani kwake, nikaileta. Mzee alikuwa ameishikilia picha kwa mikono miwili, na ya mwenzangu ilikuwa na mafuta. Basi nikaketi, nikampaka gundi mgongoni, nikambandika mimi mwenyewe, akaenda Yerusalemu mara ya pili.